Mikono ya Waungwana



 Juma lililopita nilialikwa kusali na jumuiya ndogondogo moja ya parokia yetu. Baada ya sala, mama mmoja ambaye ni muuguzi mstaafu aliomba nafasi ya kueleza juu ya chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo hapa Tanzania ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Alieleza kwa upole, hatua kwa hatua, kama mtu anayeijua kazi yake. Alipomaliza, mzee mmoja, mtu wa sala ambaye mimi binafsi namheshimu sana, alisema kwa utulivu kwamba wajukuu wake hawatachanjwa na kwamba hana haja ya kuelezwa zaidi. Hakutoa hoja yoyote. Alikunja mikono kifuani, basi. Wakati wa kuondoka kijana mmoja alinisindikiza hadi kwenye pikipiki akaniuliza: “Baba, mtu akionyeshwa ushahidi waziwazi namna ile, mbona bado anakataa? Ni ujinga?”

Nilimjibu kwamba si ujinga, kisha nikawasha pikipiki, maana giza lilikuwa linaingia na, niseme ukweli, sikuwa na jibu zaidi ya hilo. Leo najaribu kulilipa deni lake. Yule mzee sitamjadili, kwa kuwa si halali kumweka mtu mezani mbele ya parokia nzima hali mwenyewe hayupo kujitetea. Nitawapeleka mbali, katika mji wa Vienna, Austria, karibu miaka 180 iliyopita. Nimeuchagua mji huo kwa sababu walioukataa ushahidi huko hawakuwa wajinga hata kidogo. Walikuwa maprofesa.

Hospitali Kuu ya Vienna ilihesabiwa miongoni mwa hospitali kubwa kuliko zote za Ulaya, na huduma yake ya uzazi iligawanyika katika kliniki mbili. Tangu mwaka 1840 Kliniki ya Kwanza ilikuwa mahali pa kuwafundishia madaktari, na Kliniki ya Pili mahali pa kuwafundishia wakunga. Wajawazito walipokelewa kwa zamu za siku, leo huku, kesho kule. Wengi wao walikuwa maskini, watumishi wa majumbani na wasichana wasio na waume, ambao walihudumiwa bure kwa makubaliano kwamba wanafunzi wajifunzie kazi kwao.

Sasa tazameni hesabu za mwaka 1846. Katika Kliniki ya Kwanza walijifungua akina mama 4,010, wakafa 459. Katika Kliniki ya Pili walijifungua 3,754, wakafa 105. Yaani katika kila akina mama 100, upande wa madaktari walikufa zaidi ya 11, na upande wa wakunga hawakufika 3. Jengo ni la hospitali moja, chakula ni kile kile, hali ya hewa ni ile ile, tena Kliniki ya Pili ndiyo iliyokuwa na msongamano zaidi, kwa kuwa wanawake waliikimbilia. Ugonjwa ulikuwa homa ya uzazi: mama anajifungua salama, baada ya siku chache anashikwa na baridi kali na joto, tumbo linavimba na kuuma pasipo kuguswa, kisha anakufa. Mara nyingi mtoto naye alimfuata.

Mji mzima ulijua. Wanawake walipogundua kwamba siku waliyofika ilikuwa zamu ya Kliniki ya Kwanza, walipiga magoti wakisihi wasiingizwe. Wapo waliojichelewesha njiani makusudi ili mtoto azaliwe barabarani au uchochoroni, kisha wakaingia hospitali wakiwa wamekwisha kujifungua. Na jambo la ajabu ni kwamba hao waliojifungulia mavumbini hawakuugua kama wale waliojifungulia kitandani mbele ya daktari. Naomba mlikumbuke jambo hili, kwa maana nitalirudia: waliouona ukweli wa kwanza walikuwa wasichana maskini, ambao huenda hata kusoma hawakujua, na hakuna aliyewauliza wameona nini.

Mwaka huo wa 1846 akaanza kazi ya daktari msaidizi katika Kliniki ya Kwanza kijana wa miaka 28 aitwaye Ignaz Semmelweis. Alikuwa Mhungaria, mzaliwa wa Buda, mwana wa mfanyabiashara wa vyakula, aliyekuja Vienna kusoma sheria akaishia kusoma udaktari. Vifo vile vilimkosesha raha. Maelezo yaliyokuwa yakitolewa hayakumtosha. Walisema ni hewa mbaya iliyotanda juu ya mji. Lakini hewa gani hiyo inayoingia mlango wa kwanza na kuuruka wa pili? Walisema ni hofu. Walisema ni aibu ya mwanamke kuzalishwa na mwanamume. Tume ilipoundwa, ikatoa lawama kwa wanafunzi wa udaktari, hasa wale wa kutoka nchi za nje, kwamba mikono yao ni mizito na wanawapima akina mama kwa nguvu. (Mgeni hakosi kubebeshwa lawama, hili halijaanza leo.) Wanafunzi wakapunguzwa kwa nusu. Vifo vikashuka kidogo kwa muda mfupi, kisha vikapanda kuliko mwanzo.

Katika kutafuta kwake Semmelweis alimfikia hata padre. Na hapa mimi husoma kwa kujiinamia kidogo. Padre aliyeleta Sakramenti kwa wanaokufa katika Kliniki ya Kwanza alilazimika kupita katikati ya wodi tano, amevaa mavazi yake, mtumishi ametangulia akipiga kengele, kama desturi ilivyotaka. Katika Kliniki ya Pili chumba cha mahututi kilifikika moja kwa moja pasipo kupita kwa wengine. Hebu jiwekeni mahali pa mama aliyejifungua jana, anasikia kengele ikipita kando ya kitanda chake mara kadhaa kwa siku. Je, si hofu hiyo inayoua? Semmelweis alikwenda kwa padre akamwomba azunguke njia nyingine, kimyakimya, bila kengele. Padre akakubali. Vifo havikupungua. Akajaribu kuwalaza akina mama kwa ubavu wakati wa kujifungua, kama walivyofanya wakunga. Vifo havikupungua.

Mimi nilikutana na habari hizi kwa mara ya kwanza seminarini, katika somo la falsafa ya sayansi. Mwanafalsafa Carl Hempel, katika kitabu chake cha mwaka 1966, alimtumia Semmelweis kuonyesha jinsi dhana inavyopimwa: unaikisia sababu, unajiuliza kama ndiyo hiyo basi tuone nini, unajaribu, na ukishindwa unaitupa na kushika nyingine. Tulilijibu swali hilo katika mtihani, nami nililijibu vizuri. Kwa nini nawaambia habari za mtihani wangu mtaona mbele.

Mwezi Machi 1847 Semmelweis alisafiri kwenda Venice kupumzika na kutazama kazi za sanaa. Aliporudi alikuta rafiki yake Jakob Kolletschka, profesa wa uchunguzi wa maiti, amekufa. Mwanafunzi alikuwa amemchoma kidole kwa kisu kwa bahati mbaya walipokuwa wakipasua maiti. Semmelweis akaisoma ripoti ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake, na alichokisoma ni kile kile alichokuwa akikiona kila siku katika miili ya akina mama waliokufa kwa homa ya uzazi. Mwanamume ambaye hakuzaa alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa wazazi.

Basi mambo yakajipanga. Kila asubuhi madaktari na wanafunzi wao walianzia chumba cha maiti, wakiwapasua waliokufa jana ili wajifunze sababu ya vifo. Kutoka huko walikwenda wodini kuwapima walio hai, kwa mikono ile ile. Walinawa kwa sabuni, lakini harufu ya maiti ilibaki vidoleni. Wakunga wa Kliniki ya Pili hawakupasua maiti. Katikati ya Mei 1847 Semmelweis akaweka mlangoni bakuli la maji ya klorini, akaamuru kwamba hakuna atakayemgusa mama kabla ya kunawa humo hadi harufu iishe.

Mwezi Aprili, kabla ya bakuli, walijifungua akina mama 312 wakafa 57. Mwezi Juni walijifungua 268 wakafa 6. Julai, 250 wakafa 3. Katika mwaka mzima wa 1848, kati ya akina mama 3,556, walikufa 45, na kulikuwa na miezi miwili katika mwaka huo, Machi na Agosti, ambayo hakufa hata mmoja. Kwa mara ya kwanza kliniki ya madaktari ililingana na ile ya wakunga.

Mtu angetegemea kwamba hapo watapiga vigelegele. La hasha. Haikupita miaka miwili tangu bakuli liwekwe mlangoni, na mwezi Machi 1849 mkataba wa Semmelweis ulipokwisha haukufanywa upya. Mwaka 1850 alipewa ruhusa ya kufundisha, lakini kwa sharti kwamba afundishie kwa sanamu tu, si kwa watu; siku chache baadaye akafunga virago akarudi Hungaria bila hata kuwaaga marafiki waliomtetea. Mtaalamu mmoja aliyemrithi, Carl Braun, aliandika orodha ya visababishi 30 vya homa ya uzazi, na ule uchafu wa maiti akauweka nambari ya 28. Huko Ujerumani Friedrich Scanzoni aliipinga nadharia yake kwa miaka. Hata Rudolf Virchow, ambaye katika elimu ya magonjwa hakuwa na mfano wake katika kizazi kile, hakumkubali.

Kwa nini? Hapa ndipo swali la kijana wangu linapoingia.

Ipo sababu ya wazi ambayo kila mmoja wenu amekwisha kuiona: heshima. Ng'ambo ya bahari, Marekani, daktari na mwandishi Oliver Wendell Holmes alikuwa amesema mapema zaidi, mwaka 1843, kwamba homa hii hubebwa na madaktari kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine. Profesa Charles Meigs wa Philadelphia alimjibu kwa ghadhabu, kwamba madaktari ni waungwana na mikono ya waungwana ni misafi. Msicheke haraka. Meigs hakuwa anadanganya. Aliitazama mikono yake na kweli aliiona misafi. Muungwana ni mtu mwema, mtu mwema haui, kwa hiyo mkono wake hauwezi kuwa na mauti. Hoja imekamilika, na hakuna jedwali la takwimu linaloweza kupenya humo.

Mkuu wa Kliniki ya Kwanza, Profesa Johann Klein, alikuwa na jambo zito zaidi. Kabla yake kliniki iliongozwa na Johann Boër, ambaye hakupenda wanafunzi wa uzazi wajifunzie kwa maiti, na katika mwaka wake wa mwisho, 1822, hakufa hata mama mmoja katika kila 100. Klein alipoingia, maiti zikaanza kutumika kufundishia, na katika mwaka wa kwanza tu vifo vikapanda kupita 7 katika kila 100. Sasa linganisheni. Kumkubali Semmelweis mwaka 1847 kwa Klein hakukuwa kukubali bakuli la maji. Kulikuwa kukubali kwamba kazi ya maisha yake, miaka 25 ya kuamka mapema na kufundisha kwa bidii, ilikuwa imezika akina mama kwa mamia na mamia. Na tena kadiri daktari alivyokuwa na bidii ya kusoma, yaani alivyokwenda chumba cha maiti mara nyingi, ndivyo alivyoua zaidi. Mvivu alikuwa na hatia ndogo. Nani anayeweza kulimeza neno kama hilo saa ya chakula cha mchana?

Yupo aliyelimeza. Jina lake Gustav Michaelis, profesa wa uzazi katika mji wa Kiel, Ujerumani. Alipopata habari kutoka Vienna alizipima, akazikubali, akaweka maji ya klorini katika kliniki yake. Lakini alikumbuka kwamba muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amemzalisha binamu yake mwenyewe, na binamu huyo alikufa kwa homa ya uzazi. Sasa alijua nani aliipeleka homa ile. Huzuni ikamshika, isimwachie, na mwaka 1848 akajitupa mbele ya gari moshi. Wataalamu wa historia humtaja kwa mstari mmoja au miwili kisha wanaendelea. Mimi kila nikifika hapo hunichukua muda kufungua ukurasa unaofuata.

Katika miaka yangu ya upadre nimeketi katika kiti cha maungamo kwa saa nyingi. Pasipo kugusa siri ya mtu yeyote, naweza kusema jambo moja ambalo padre yeyote atalithibitisha. Mtu anayejua kwamba alikusudia ubaya, hatimaye hupata njia ya kusema. Atachelewa, atazunguka, lakini atasema, kwa kuwa anajua kuna msamaha unaomngojea. Anayeshindwa kusema ni yule aliyedhuru akiwa anafanya mema. Mama aliyempa mtoto dawa isiyofaa kwa mapenzi yake yote. Baba aliyemlazimisha binti kuolewa mahali alipodhani pana heri. Hao hawana dhambi ya kuungama, kwa sababu hawakukusudia. Na kwa kuwa hawana dhambi ya kuungama, hawana mlango wa kutokea. Hivyo hubakiwa na njia mbili. Ama wabebe uzito ambao haujapewa jina, kama Michaelis, ama waseme halikutokea. Wengi husema halikutokea. Nami siwezi kuwalaumu kwa wepesi.

Semmelweis mwenyewe alilijua hilo, kwa kuwa hata yeye alikuwa amepasua maiti kwa bidii kuliko wengi. Katika kitabu chake alikiri kwamba Mungu peke yake ndiye ajuaye idadi ya wanawake walioshuka kaburini kabla ya wakati wao kwa sababu yake. Aliweza kulisema hilo na akaendelea kufanya kazi. Sijui watu wangapi wanaweza.

Lakini haki itendeke kwa pande zote. Wako waliomkataa Semmelweis kwa sababu zisizo za aibu. Walimuuliza: hicho kitu kilicho mikononi ni nini hasa? Hakuwa na jibu, maana elimu ya vijidudu ilikuwa bado. Alisema ni chembe za kitu kinachooza, na mwaka 1847 wenyewe aliona kwamba hata kidonda kinachotoa usaha cha mgonjwa aliye hai kinaweza kuleta homa ile ile; lakini chembe zenyewe hakuweza kumwonyesha mtu. Tena alikawia mno kuandika. Marafiki zake, hasa Ferdinand von Hebra na Joseph Skoda, ndio waliomsemea, na kitabu chake mwenyewe hakikutoka mpaka karibu na mwaka 1861, miaka 14 baada ya bakuli la kwanza. Madaktari wa mbali walisoma habari nusunusu, wakadhani anasema maiti tu na hakuna kingine. Na alipoanza kuandika hakujizuia. Katika barua zake za wazi aliwaita wapinzani wake wauaji, kwa majina yao. Huenda alikuwa na haki ya kuita hivyo. Lakini niambieni, ni nani aliyewahi kuitwa muuaji mbele ya watu akajibu, “Ahsante kwa kunielimisha”?

Wala tusidhani kwamba hilo ni la madaktari. Sisi wenye kanzu tunayo ya kwetu. Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa ilimhukumu Galileo kwa kusema kwamba dunia hulizunguka jua, na ilikuwa mpaka mwaka 1992 ndipo Papa Yohane Paulo II alipokiri hadharani kwamba wanateolojia wa wakati ule walikosea. Ni miaka 359. Siku hizi wapo wanaotaka nilipite jambo hilo harakaharaka nikifundisha vijana. Kwa maoni yangu kulipita ni kulirudia.

Hungaria, katika hospitali ya Mtakatifu Roko mjini Pest, Semmelweis alisimamia uzazi kwa miaka sita, na kati ya akina mama 933 walikufa 8 tu kwa homa ile. Hata hizo takwimu hazikuwashawishi wa Vienna. Akili yake ikaanza kuchoka. Mwishoni mwa Julai 1865 alipelekwa, kwa hila ya watu wa karibu, katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Vienna, na huko, tarehe 13 Agosti, akafa akiwa na umri wa miaka 47. Mwili ulipochunguzwa ulikutwa na jeraha lililooza katika kidole cha mkono wa kulia, na dalili za kupigwa. Sumu ya jeraha ilikuwa imeingia katika damu. Alikufa kwa ugonjwa ule ule. Mwaka 1879 huko Paris, Louis Pasteur aliwachorea madaktari ubaoni kijidudu cha homa ya uzazi, na tangu hapo hapakuwa tena na mahali pa kujificha.

Nilisema nitarudi kwenye mtihani wangu wa seminarini.

Katika parokia yangu ya kwanza kama paroko tulichimba kisima. Watu walichanga kwa miaka miwili: mahindi, kuku, shilingi mia mia za watoto wa Utoto Mtakatifu. Niliweka jiwe la msingi, nikakibariki siku ya sherehe ya somo wa parokia, na picha yake niliitundika ofisini. Miezi kadhaa baadaye bwana afya alikuja na karatasi. Alikuwa amepima maji, yana vimelea vya kinyesi. Alinionyesha kwa kidole vyoo vya shimo vya shule, pale juu ya mteremko, akasema kisima kimechimbwa mahali pasipofaa.

Nilimwambia chupa yake ilikuwa chafu. Alipopima tena na kurudi na jibu lile lile, nilimwambia kwamba mimi mwenyewe nayanywa maji yale na ni mzima, na kwamba hata mjini kwenye mabomba watu wanaugua homa ya matumbo. Nilimuuliza, kwa sauti ambayo bado naikumbuka, kama anajua watu hawa wamechanga kiasi gani. Hakujibu, kwa kuwa swali hilo halikuwa la maji. Watoto waliharisha masika yote, nami nilisema ni msimu wa maembe. Semmelweis alikuwa kichwani mwangu wakati wote ule, pamoja na Hempel na alama zangu nzuri, na hakunisaidia chochote.

Ilipita miezi saba. Asubuhi moja, nikitoka kanisani, nilimwona mke wa katekista akipita mbele ya kisima chetu na ndoo tupu kichwani. Hakusimama. Aliendelea hadi kwenye chemchemi iliyo bondeni, mwendo wa nusu saa. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine wanne au watano, wote na ndoo tupu, na walipofika mbele ya nyumba ya mapadre waliacha kuzungumza mpaka walipopita. Nikamwita katekista. Alisimama akitazama chini, kisha akasema: “Baba, utusamehe. Akina mama wameona watoto wakinywa maji ya bondeni hawaharishi. Hatukutaka uvunjike moyo.”

Walikuwa wanajua tangu lini? Tangu Februari, akasema. Ilikuwa Julai.

Nilimpigia bwana afya simu siku ile ile. Alikuja kesho yake na unga wa klorini katika ndoo nyeupe, wala hakunikumbusha neno lolote nililomwambia. Kisima kikafungwa, na vyoo vikahamishwa kabla ya watu kuruhusiwa kukinywa tena. Jumapili iliyofuata niliwaeleza waamini kwenye matangazo kwamba maji yalikuwa mabaya na kwamba niliambiwa mapema nikakataa. Watoto wangapi waliugua katikati ya karatasi ya kwanza ya bwana afya na siku ile, sikuwahi kuhesabu. Kazi ya kumwaga klorini niliomba niifanye kwa mikono yangu. Nilinawa kwa sabuni mara mbili, lakini jioni nilipoinua hostia bado niliisikia harufu yake vidoleni.